Mandhari Isiyo Tupu: Kuzihakiki Picha za Nyeusi na Nyeupe za Tambarare ya Syokimau

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuitumia istilahi ya mandhari kana kwamba haina utata wowote. Katika mihadhara na katika tasnifu, mandhari hufafanuliwa kuwa ni mahali na wakati ambapo matukio ya hadithi hutendeka. Kisha, baada ya aya moja au mbili, mhakiki huharakisha kwenda kwa wahusika na dhamira, ambako huamini kwamba ndiko kwenye kazi hasa. Insha hii inakusudia kuirudia istilahi hiyo kwa njia isiyo ya kawaida katika jarida la fasihi, yaani kwa kuzihakiki picha za nyeusi na nyeupe zilizopigwa kwa kamera kubwa ya filamu huko Syokimau, katika kaunti ya Machakos. Hoja yangu ni kwamba picha ya aina hii, kwa jinsi inavyotengenezwa, iko karibu zaidi na fasihi simulizi kuliko fasihi andishi, na kwamba kwa sababu hiyo uhakiki unaweza kuiboresha kwa maana halisi ya neno hilo. Nitajaribu pia kuonyesha kwamba kuboresha huko si suala la ufundi peke yake.

Mimi ni mwalimu wa fasihi, wala si mpigapicha. Nimeingia katika mjadala huu kwa sababu jirani yangu mmoja, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiipiga picha tambarare inayotuzunguka, huniletea kazi zake nizitazame, akiniambia kila mara, "Mwalimu, usinisifu, nihakiki." Ombi hilo ni rahisi kulitamka kuliko kulitimiza.

Istilahi na mizigo yake

Neno mandhari limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama. Kwa hivyo mandhari, tangu asili yake, si mahali tu. Ni mahali panapotazamwa, na palipo na kutazamwa pana mtazamaji aliyesimama mahali fulani. Neno taswira nalo limetoka katika mzizi mmoja na neno sura, na Waarabu wenyewe hulitumia neno hilo kwa upigaji picha. Sisi tulilichukua tukalipeleka katika ushairi, ambako likawa na maana ya picha inayojengwa akilini kwa maneno. Ama uhakiki, neno hilo ni ndugu wa haki na hakika. Anayehakiki, kwa mujibu wa lugha yenyewe, hatoi maoni tu. Anathibitisha ukweli wa jambo.

Lugha ya studio za mitaani ina hekima yake pia. Mswahili *hupiga* picha, kisha *huisafisha*. Wazee wetu walipopeleka filamu studio walisema wanapeleka picha kusafishwa, na usemi huo ulienea kabla ya wasomi kukaa chini kubuni istilahi. Sijui neno lenye kuonya zaidi kuliko hilo. Kusafisha ni kutoa kilichomo kikaonekana, lakini ni kuondoa uchafu pia. Na daima hapana budi kuuliza ni nani aliyeamua uchafu ni upi.

Kamera kubwa na suala la utendaji

Kamera ninayoizungumzia hutumia filamu ya bapa moja moja, yenye upana wa inchi 4 kwa 5. Eneo la filamu hiyo ni takriban mara 15 ya ile ya kamera ndogo ya milimita 35 iliyozoeleka. Mpigapicha huiweka kamera juu ya kiweko cha miguu mitatu, akajifunika kitambaa cheusi, akaitazama dunia ikiwa imepinduliwa juu chini katika kioo chenye ukungu. Lenzi yake inaweza kuinamishwa mbele ili nyasi zilizo karibu na vilima vilivyo mbali vyote vionekane dhahiri, jambo ambalo lenzi isiyoinama haiwezi kulifanya ila kwa kuziba mwanga mwingi. Mhakiki anapaswa kukumbuka kwamba katika kazi ya namna hii bahati nasibu ina nafasi ndogo. Mtu aliyetumia dakika 20 chini ya kitambaa amepata wasaa wa kuchagua.

Hata hivyo, uchaguzi haukomi hapo. Ansel Adams, Mmarekani aliyefunzwa piano kabla ya kuwa mpigapicha, aliifananisha negativu na muziki ulioandikwa karatasini, na picha iliyochapwa akaifananisha na upigaji wa muziki huo mbele ya wasikilizaji. Picha yake mashuhuri ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, huko New Mexico, aliipiga mwaka 1941. Na kwa muda wa miongo kadhaa aliichapa tena na tena, akiitia anga giza zaidi kadiri miaka ilivyopita, hata nakala za uzeeni mwake zikawa na anga nyeusi tititi ambayo nakala za mwanzo hazikuwa nayo. Negativu ni ile ile. Picha si ile ile.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangazwa na jambo hili. Ngano haipo pahali pamoja katika umbo lililokamilika. Ipo katika kila utendaji, na fanani huirefusha au huifupisha kulingana na hadhira iliyoketi mbele yake. Hadhira ikicheka, ikinung'unika au ikiuliza swali, ngano hubadilika papo hapo. Riwaya iliyokwisha kuchapishwa haibadiliki kwa sababu mhakiki ameilaumu. Lakini picha iliyomo katika negativu bado inangoja kusimuliwa, na mhakiki anayeingia katika chumba cha giza kabla ya usimulizi huo ni sehemu ya hadhira inayoweza kuugeuza.

Nakala mbili za kwanza

Nichukue picha moja tu. Jirani yangu aliipiga akielekea kusini-magharibi, saa tisa na nusu alasiri, mwezi wa pili, wakati nyasi zimekauka. Katika negativu, tukianzia mbali, kuna mawingu mazito. Chini yake vilele vya Ngong. Kisha Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946. Kisha safu ya nguzo za daraja la reli mpya. Kisha ukanda wa mapaa ya mabati. Na hatimaye nyasi.

Nakala ya kwanza ilikuwa ya kijivu kutoka juu hadi chini. Mapaa yalikuwa meupe yasiyo na umbo, mawingu yalikuwa kama pamba iliyoloa, na Ngong ilikuwa imefifia. Hapa ufundi ulihitaji kusemwa waziwazi. Adams na mwenzake Fred Archer, mnamo mwaka 1940, waliugawa mwanga katika hatua 11, kutoka weusi kamili hadi weupe kamili, ili mpigapicha aamue mapema kila kitu kitaangukia hatua ipi. Kanuni iliyozoeleka ni kuipa filamu mwanga wa kutosha kwa ajili ya vivuli, na kuisafisha kwa muda unaofaa sehemu zinazong'aa. Bati jipya la Syokimau chini ya jua la alasiri huivunja mizani hiyo iwapo halikuhesabiwa mapema. Kadhalika, chujio jekundu ambalo jirani yangu alilitumia hutia weusi katika buluu ya anga na kuukata ukungu wa mbali ulio wa kibuluu, lakini haliwezi vumbi. Vumbi la saruji la Athi River na la barabara ya Mombasa hutawanya mwanga wa rangi zote, kwa hivyo chujio hupita juu yake bila kulidhuru.

Isitoshe, vitabu vingi vinavyofundisha sanaa hii vimeandikwa na watu wa nchi zilizo mbali na Ikweta. Huwashauri wanafunzi wangoje mwanga wa kulala wa asubuhi na jioni. Syokimau iko chini ya digrii moja na nusu kusini mwa Ikweta. Jua letu huchomoza karibu wima, na mwanga huo wa kulala hupita upesi. Mhakiki anayelaumu kila picha ya mchana ya huku kwetu kwa kukosa vivuli virefu anakiuka kanuni ileile tunayowafundisha wanafunzi wa ushairi: kutoupima utungo kwa mizani isiyo yake.

Nakala ya pili ilizingatia mengi ya hayo. Karatasi ilikuwa yenye ukinzani mkali zaidi. Anga ilikuwa imeongezewa mwanga chini ya mashine hata mawingu yakasimama. Ngong ilirudi. Ama ukanda wa mapaa, jirani yangu alikuwa ameuunguza kwa mwanga hadi ukazama katika weusi, na nyasi zilizokuwa chini yake akazikata kwa upana wa kidole. Kilichobaki kilikuwa anga, vilima na nyika pana ya giza. Ilikuwa picha nzuri sana, na si mimi peke yangu niliyesema hivyo. Kampuni moja ya kuuza viwanja ilitaka kuinunua nakala hiyo, ikuzwe na kutundikwa katika ukumbi wa kuwapokelea wateja.

Nyika na utupu wake

Hapo ndipo suala la haki linapoingia. Neno nyika, katika Kiswahili cha pwani, lilikuwa na dharau kidogo. Lilimaanisha bara kavu, isiyo na mji; na waliokaa nyuma ya pwani, ambao leo tunawaita Wamijikenda, waliitwa Wanyika. Yaani hata lugha yetu wenyewe iliwahi kuwatazama watu ikaona vichaka. Wakoloni walikuja na kamera zilizofanya kazi hiyo kwa ukubwa zaidi. William D. Young alipiga picha za reli ya Uganda, reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Katika picha nyingi za zama hizo tambarare huonekana kama ukurasa usioandikwa, unaongoja reli iupe maana. Haikuchukua muda kabla ya sheria ya ardhi ya mwaka 1902 kuihesabu ardhi iliyoonekana haikaliwi kuwa ni ya Taji la Uingereza. Sidai kwamba picha ndiyo iliyoiandika sheria. Nadai tu kwamba sheria na picha zilitumia fasili moja ya utupu: mahali pasipo na nyumba za mawe hapana mtu.

Tambarare hii haikuwa tupu. Wamaasai walilisha humo, na Wakamba walishuka kutoka vilima vya Iveti na Mua. Mwaka 1938 serikali ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe wao kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, ng'ombe ambao walikusudiwa kiwanda cha nyama cha Liebig's kilichokuwa Athi River, watu kwa maelfu waliandamana kutoka Machakos hadi Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, kumtaka gavana awasikilize. Hapana picha ya mandhari ya upande huu wa nchi ambayo haitoi kivuli cha nyayo hizo kwa anayejua historia.

Na jina lenyewe la Syokimau ni la msimulizi. Mapokeo ya Wakamba yanamkumbuka kuwa nabii wa kike aliyetabiri kuja kwa nyoka mrefu atakayetoka maji hadi maji, na watu wenye ngozi ya ajabu waliobeba moto mifukoni. Wanafunzi huusoma utabiri huo kama muujiza. Mimi huusoma pia kama taswira iliyokamilika: bi mkubwa huyu hakuiona tambarare ikiwa tupu. Aliiona ikiwa na kitu kinachopita juu yake, na akakipa umbo kabla hakijafika. Leo kituo kikuu cha reli ya kisasa jijini, kilichofunguliwa mwaka 2017, kiko mahali panapobeba jina lake, na nguzo zilizofuata mwaka 2019 zinavuka mbuga kuelekea Naivasha.

Si sisi tu tuliosafisha namna hii. Katikati ya miaka ya 1940 Adams alipiga picha kubwa ya mlima Williamson kutoka Manzanar, California. Inaonyesha uwanda wa mawe makubwa na miale ya jua ikishuka mlimani. Manzanar ilikuwa kambi ambamo serikali ya Marekani iliwafungia watu wenye asili ya Kijapani wakati wa vita. Kambi haimo katika picha. Lakini haki imtendee naye: Adams aliwapiga picha wafungwa hao pia, na mwaka 1944 akazichapisha kitabuni kuwatetea. Ila ukutani aghalabu hutundikwa mlima. Kwa upande mwingine, David Goldblatt wa Afrika Kusini, kwa kamera kubwa ya aina hii hii na kwa nyeusi na nyeupe hii hii, alitumia miaka mingi kupiga picha za makanisa, sanamu, nyumba na mabaki ya nyumba, akaonyesha namna itikadi inavyosimama juu ya ardhi kama jengo. Kumbe chombo si mkosaji. Mkosaji, akiwapo, ni kidole kinachokata ukingo.

Swali la mwanafunzi na nakala ya tatu

Nilimwomba jirani yangu azilete nakala zote mbili pamoja na negativu katika semina ya wanafunzi wa uzamili. Mjadala ulikuwa mkali. Wengi, kwa mazoea ya idara zetu, waliutafuta ujumbe. Mmoja alisema picha haina wahusika, kwa hivyo haina dhamira. Mwingine alishauri awekwe mchungaji na ng'ombe mbele, ili "hali halisi ya jamii" idhihirike. Jirani yangu aliyapinga hayo kwa hasira ya haki. "Mnataka picha ihubiri," alisema. "Nikimpanga mchungaji hapo nitakuwa nimedanganya mara mbili." Nilikuwa upande wake. Ni ugonjwa wa uhakiki wetu kuidai kazi ya sanaa ikiri imani yake kabla hatujaitazama.

Mwanafunzi mmoja aliyekuwa kimya muda wote aliuliza swali fupi: "Mzee, ulikuwa umesimama wapi?" Jirani yangu akajibu kwamba alisimama juu ya paa la ghorofa moja ambayo ujenzi wake haujakamilika. Ukimya ukatanda. Picha ya utupu ilikuwa imepigwa kutoka juu ya jengo lililoujaza utupu huo.

Tukaiweka negativu juu ya meza ya mwanga, tukaitazama kwa lenzi ya mkono. Hapa ukubwa wa filamu unadhihirisha faida yake, kwani hubeba zaidi ya kile alichokusudia aliyepiga. Katika ukanda wa mapaa mlikuwa na nguo kambani, matangi ya maji, na punda wawili. Na katika ukingo wa chini, katika ule upana wa kidole uliokatwa, zilisimama nondo sita za zege la paa lenyewe. Sababu ya kuzikata ilikuwa ya kifundi: lenzi ilikuwa imeinamishwa kufuata ardhi hadi Ngong, na kitu kilichosimama wima karibu na kamera hutokeza nje ya bapa hilo la udhahiri, kwa hivyo ncha za nondo zilikuwa na ukungu kidogo.

Wiki mbili baadaye ilikuja nakala ya tatu. Mapaa hayakuunguzwa tena. Yalipewa mwanga wa kadiri, kwa karatasi laini zaidi, hata kila bati likatofautiana na jirani yake na nyasi. Anga ilibaki nzito, jambo ambalo mimi sikulipenda na yeye hakukubali kulibadilisha. Na nondo zilirudi, nyeusi, ncha zake zikiwa na ukungu, zikiwa wima mbele ya nguzo za reli zilizo wima kule mbali. Jicho sasa linapanda kutoka chuma hadi zege, hadi mlima. Utungo ambao katika nakala ya pili ulikuwa na ngazi mbili sasa una tano, na kila ngazi inaikumbusha iliyotangulia, kama urari wa vina unavyomkumbusha msikilizaji wa shairi alikotoka.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha insha yangu. Nakala ya tatu si bora kwa kuwa ina maadili zaidi. Ni bora kwa macho. Na ubora huo uliwezekana kwa kuwa mtu aliuliza swali la haki. Maudhui na fani, ambazo tunawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuzitenganisha kwa mistari miwili katika daftari, hapa zilisafishwa katika dawa moja.

Ile kampuni haikuitaka nakala ya tatu. Ilichukua picha nyingine, ya mgunga mmoja uliosimama peke yake.

Hitimisho

Kutokana na hayo napendekeza kwamba mhakiki wa picha ya mandhari, na vilevile mhakiki wa mandhari katika riwaya, ajiulize maswali manne. Kwanza, mtazamaji amesimama wapi, na mahali hapo pameonyeshwa au pamefichwa? Pili, ukingo umekatwa wapi, na kilichoachwa nje kiliachwa kwa sababu ya ufundi au kwa sababu nyingine iliyovaa nguo za ufundi? Tatu, weusi umebeba nini? Kivuli chenye undani ni tofauti na kivuli kilichozibwa, na katika riwaya pia kuna kijiji kilichonyamaza na kijiji kilichonyamazishwa. Nne, kazi hii ingeweza kusimuliwa vipi tena kutokana na malighafi ile ile?

Swali la nne ndilo tunalolikwepa zaidi, kwa kuwa lina kazi ndani yake. Kumwambia msanii kwamba kazi yake imepungukiwa ni rahisi. Kuketi naye juu ya negativu mpaka upungufu upatikane kunahitaji muda, na kunamtaka mhakiki ajifunze ufundi wa mwenziwe kwa kiasi cha kutomsumbua. Idara zetu zingefaidika iwapo wanafunzi wa fasihi wangeingia chumba cha giza angalau mara moja kabla ya kuandika sura ya mandhari katika tasnifu zao.

Kuna na dharura pia. Tangu barabara ya juu kutoka Mlolongo ilipofunguliwa mwaka 2022, ghorofa zimezidi kupanda pande zote, na ile ambayo paa lake lilikuwa na nondo sita imekwisha kuongezewa orofa mbili. Picha ile haiwezi kupigwa tena kutoka pale. Lakini negativu ipo, ndani ya bahasha yake, na jirani yangu ameniambia kwamba anga bado anaitafakari.